Kufufua tangi la matumbawe lililovamiwa na mwani: hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. "Nimepata tangi la mtumba, mawe yote yameota nywele za kijani, nimwage kila kitu nianze upya?" "Dawa ipi inaua mwani bila kuua matumbawe?" "Nimepima fosfeti nikapata sifuri, mbona mwani unazidi?" Hapa nayajibu yote matatu kwa mfano mmoja: tangi la maji ya chumvi la lita 200, lililokaa miezi bila matunzo, lenye mawe, mchanga, samaki wawili watatu na matumbawe machache ambayo bado yana uhai. Kama lako ni kubwa au dogo kuliko hilo, badilisha vipimo tu. Mpangilio wa kazi unabaki ule ule.

Jibu fupi: usimwage, na usikimbilie dawa. Mwani unakula akiba iliyomo ndani ya mawe na mchanga, akiba iliyojengwa na chakula kilichozidi na kinyesi cha samaki tangu tangi lilipoachwa. Kazi yako ni kuitoa akiba hiyo polepole huku matumbawe yakiendelea kuishi. Jipe miezi miwili hadi minne. Anayekuahidi tangi safi ndani ya wiki moja atakuuzia kitu kitakachokugharimu matumbawe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Vifaa vya kupimia fosfeti na naitreti (virutubisho vinavyolisha mwani), alkaliniti (uwezo wa maji kupinga asidi) na amonia (sumu itokanayo na uchafu unaooza). Cha fosfeti kiwe kinasoma viwango vidogo kabisa, chini ya miligramu 0.05 kwa lita. Vijikaratasi vya kuchovya havikufai kwa kazi hii.
- Refraktomita ya kupimia chumvi, pamoja na kichupa cha maji ya kuirekebishia yenye chumvi ya 35. Lengo lako ni gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, yaani uzito wa 1.025 hadi 1.026 ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi.
- Maji ya RO (yaliyosukumwa kupitia utando mwembamba unaozuia madini) yaliyopitishwa pia kwenye chujio la DI (chembe zinazonasa madini yaliyosalia), na mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka majini, ya kuyakagua. Isome 0.
- Chumvi maalumu ya akwariamu. Chumvi ya jikoni haifai.
- Ndoo tatu ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni.
- Mpira mwembamba wa kunyonyea maji, miswaki migumu, koleo ndogo, na soksi ya kuchujia.
- Kaboni ya kuchujia maji, na chembe za oksidi ya chuma zinazonyonya fosfeti, maarufu kama GFO.
- Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa.
- Glavu ndefu na miwani ya kukinga macho.
- Pampu ya hewa inayotumia betri. Kwa miji yetu ambako umeme hukatika bila taarifa, isikose.

Walio Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar huuliza kama wanaweza kuchota maji ya bahari badala ya kununua chumvi. Mnaweza, na ni maji mazuri, ila inategemea unachota wapi na lini. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito na mifereji ya maji taka. Karibu na mlango wa Msimbazi au ndani ya Tudor Creek, acha. Mvua za masika zikiwa zinanyesha, subiri, kwa sababu mito inamwaga mbolea na tope baharini na utakuwa umeubebea mwani chakula kwa ndoo. Pima chumvi na fosfeti ya kila mzigo kabla ya kuutia tangini.

Mawe na matumbawe ni habari nyingine. Usiende kuyabomoa mwambani. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, kwa hiyo hayavuki mpaka wa nchi bila kibali, na mwamba unaobomolewa huchukua miaka mingi kurudi. Hata hivyo huhitaji mawe mapya. Ya kwako yanafufuka.

Onyo la kusoma kabla ya kutia mkono majini

Kagua mawe yako kama yana Palythoa: vinyama vyenye umbo la vifungo vya kahawia au kijani, vimebanana kama zulia. Baadhi yake vina palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana kutoka kwa viumbe vya baharini. Usivisugue kwa mswaki, usivimwagie maji ya moto, na kamwe usichemshe jiwe lenye vinyama hivyo ukidhani unalisafisha. Mvuke wake umeshapeleka familia nzima hospitali, pamoja na waliokuwa wamekaa chumba cha pili. Fanya kazi yote ukiwa na glavu na miwani, na kama una kidonda mkononi, ahirisha.

Hatua ya 1: Tambua adui

Watu wengi hukosea hapa, kisha kila kinachofuata kinaharibika. Shika ule mwani, uvute, uutazame kwa karibu.

Nyuzi laini za kijani zinazokatika kirahisi na kulegea kama nywele zilizolowa ukizitoa majini ni mwani wa nywele, mara nyingi Derbesia. Ndio unaotawala matangi mengi yaliyotelekezwa, na mwongozo huu umejengwa juu yake. Kama kila unyuzi una vitawi pande mbili mfano wa unyoya wa ndege, huo ni Bryopsis. Ni mkaidi zaidi, na konokono wengi hawaugusi.

Vibofu vya kijani vinavyong'aa, vigumu kidogo, ni Valonia. Utando mwekundu au wa zambarau unaobanduka kama kipande cha kitambaa ni sayanobakteria, yaani si mwani kabisa bali bakteria. Vumbi la kahawia juu ya mchanga na kioo, linalofutika kwa kidole, ni daiatomu: huonekana sana kwenye matangi mapya au yaliyotiwa maji yenye silika (madini yanayopatikana mchangani), na kwa kawaida huondoka lenyewe.

Kamasi ya kahawia yenye nyuzi na viputo vya hewa, inayopungua usiku na kurudi taa zikiwaka, ni dainoflajelati. Ukiikuta hii, usiendelee na hatua za hapa chini. Nenda moja kwa moja sehemu ya matatizo, kwa sababu tiba yake inakwenda kinyume na tiba ya mwani wa nywele.

Ukoko mgumu wa waridi au zambarau uliogandamana na jiwe uache. Huo ni mwani wa chokaa, na kila sehemu unayoishika mwani wa nywele hupata shida kushikilia.

Hatua ya 2: Pima, andika

Pima joto, chumvi, amonia, naitreti, fosfeti na alkaliniti kabla ya kubadilisha chochote. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27, alkaliniti kati ya 8 na 9 dKH (kizio chake), amonia isionekane.

Naitreti unataka ifike kati ya miligramu 5 na 15 kwa lita, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Usilenge sifuri. Matumbawe nayo yanahitaji virutubisho hivi, na tangi lenye sifuri ya kweli ndiko dainoflajelati wanakopendelea kuanzia.

Sasa lile swali la sifuri. Kifaa kinapima fosfeti iliyobaki majini baada ya mwani kunywa ya kwake. Tangi lililojaa mwani na kipimo cha sifuri maana yake mwani unaimaliza haraka kuliko unavyoweza kuiona. Usifurahie hiyo sifuri, na usiongeze GFO kwa sababu yake wala kwa sababu nyingine hadi mwani upungue na kipimo kianze kusema kweli.

Hatua ya 3: Kata chakula cha mwani kinachoingia

Anza na maji unayojazia yanayopungua kwa mvuke. Kama unatumia maji ya bomba au ya kisima, acha leo. Kila siku lita kadhaa hupotea, na unachorudisha kinaleta fosfeti, naitreti na silika ambazo hazipotei kwa mvuke. Mita ya TDS ikianza kusoma 1 au 2, badilisha chembe za DI mara moja.

Kisha chakula cha samaki. Toa kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Chakula kilichogandishwa kiyeyushe, kimwage kwenye kichujio cha chai, kisuuze kwa maji ya RO, ndipo ukitie. Usiwanyime samaki kabisa: wakikonda na kuugua utakuwa na matatizo mawili.

Taa zipunguze hadi saa 7 au 8 kwa siku. Kama ni za LED, shusha rangi nyeupe na nyekundu, buluu uiache ilivyo, maana matumbawe yanaitegemea zaidi. Kama tangi bado lina taa za mirija za zamani, zile za T5, mirija iliyotumika zaidi ya mwaka badilisha. Hakikisha pia jua la dirishani haliligusi tangi.

Hatua ya 4: Toa kwa mkono

Hapa ndipo ushindi ulipo, na ndipo wengi wanapopaogopa kwa sababu ni kazi ya kuchosha. Mwani unaoung'oa na kuutupa unaondoka na naitreti na fosfeti zote zilizomo ndani yake. Unaofia tangini kwa dawa unazirudisha majini, na wiki ijayo zinaotesha mwani mwingine.

Zima pampu zote ili maji yatulie. Kama jiwe linatoka bila kubomoa mpangilio, lihamishie kwenye ndoo yenye maji ya tangi. Ng'oa mwani kwa vidole kutoka kwenye shina, kisha sugua kwa mswaki ndani ya ndoo hiyo hiyo. Zungusha jiwe, lisuuze kwenye ndoo ya pili yenye maji safi ya chumvi, lirudishe. Maji ya ndoo ya kwanza yamwage, usiyarudishe hata kama yanaonekana mazuri.

Jiwe lisilotoka lishughulikie palepale: mkono mmoja unang'oa, mwingine umeshika mdomo wa mpira wa kunyonyea ukifuata vidole. Upande wa pili wa mpira uingie kwenye soksi ya kuchujia ili vipande vinaswe. Kipande kinachoponyoka kinakwenda kuota kwingine.

Madoa sugu kwenye mawe yanayotoka yapake haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 jiwe likiwa nje ya maji. Acha dakika mbili hadi tatu, povu litatoka, kisha suuza vizuri kwa maji ya chumvi. Usiimwagie juu ya matumbawe, na kabla ya kuanza tikisa jiwe ndani ya maji ili kamba na kaa waliojificha watoke. Kamba hawaivumilii kabisa.

Fanya robo ya tangi kwa wiki. Ukisafisha mawe yote siku moja utatibua uchafu wa miezi, na amonia inaweza kupanda.

Valonia ibandue nzima kwa ncha ya koleo bila kuipasua, maana kibofu kilichopasuka kinaweza kusambaza mbegu.

Hatua ya 5: Mchanga

Nyonya tabaka la juu, sentimita moja au mbili, sehemu ndogo kila unapobadilisha maji. Mchanga wenye kina kirefu ambao haujaguswa miaka mingi usiuchimbe samaki wakiwa ndani. Chini yake kunaweza kuwa na weusi unaonuka mayai viza, nayo ni haidrojeni salfaidi inayoua. Ukiona weusi huo kwenye kioo, panga siku ya kuwahamishia samaki na matumbawe kwenye chombo kingine, utoe mchanga wote, utie mpya.

Unaponunua tangi la mtumba na kulisafirisha, mchanga wa zamani usije nao. Mawe yaje yakiwa ndani ya maji. Mchanga utaleta amonia siku ya kwanza.

Hatua ya 6: Mkondo na skima

Mwani wa nywele hupenda pembe ambako maji yamelala. Elekeza pampu ili kila jiwe lipate mkondo na uchafu usitulie nyuma yake. Skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu, ifungue, ioshe kwa siki iliyochanganywa na maji, uirudishe. Skima iliyoziba kwa chokaa inaunguruma tu. Soksi za kuchujia zibadilishe kila baada ya siku tatu. Zikikaa zaidi, uchafu ulionaswa huoza ndani ya mfumo.

Hatua ya 7: Badilisha maji kila wiki

Asilimia 10 hadi 15, kila wiki, siku ile ile unaposafisha mawe. Maji mapya yawe na joto na chumvi sawa na ya tangini. Weka kaboni, ubadilishe kila mwezi.

Utagundua jambo moja: naitreti inashuka kulingana na maji uliyobadilisha, lakini fosfeti inashuka leo na kesho kutwa imerudi. Ni mawe yanaachia akiba yake. Hapo hakuna hitilafu. Endelea hadi akiba iishe.

Mwani ukishapungua na fosfeti ikibaki juu ya 0.15, tumia GFO, lakini nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chombo, ukipima kila siku mbili. Fosfeti ikishuka ghafla matumbawe hupauka na kuanza kubanduka nyama kutoka kwenye mifupa. Nimeona watu wakipoteza matumbawe yaliyovumilia miezi ya uchafu, yakafa wiki ya usafi.

Hatua ya 8: Leta walaji

Walaji huja baada ya kung'oa. Konokono hawezi kula nyuzi za sentimita tano, ila anaweza kuzuia fupi zisirefuke.

Kwa lita 200 anza na konokono watatu wanne wa jamii ya Turbo au Trochus. Kabla ya kuwatia, wazoeshe kwa njia ya matone, maji ya tangi yakidondokea kwenye chombo chao kwa saa nzima, kwa sababu mabadiliko ya ghafla ya chumvi huwaua. Turbo ni wakubwa na huangusha vitu, kwa hiyo gundisha matumbawe yako kwanza. Trochus ana faida kwamba akianguka kichwa chini huweza kujigeuza. Kwa Valonia kuna kaa wa kijani wa jamii ya Mithraculus, ingawa si kila mmoja huifanya kazi hiyo.

Samaki? Yeyote aliyekulia pwani anawajua walaji mwani wetu: chafi, anayeitwa pia tasi, na kangaja. Ndio wanaouweka mwamba safi huko baharini. Lakini chafi wa kwetu hukua hadi kupita sentimita 40, ana miiba yenye sumu inayochoma vibaya, na kangaja huhitaji nafasi ya kuogelea. Katika lita 200 usiwatie hata wakiwa wadogo. Tangi hili linamfaa zaidi Salarias fasciatus, samaki mdogo anayekwangua mwani kutwa nzima. Mmoja tu, na mwani ukiisha mlishe vidonge vya mwani asife njaa.

Hatua ya 9: Otesha mwani unaoutaka

Kama tangi lako lina chombo cha kuchujia kilichowekwa chini yake, tenga sehemu, weka taa, utie bonge la Chaetomorpha. Ni nyuzi ngumu za kijani zisizojishika popote. Washa taa yake usiku wakati za juu zimezimwa. Itashindania chakula kile kile na mwani wa nywele, nawe kila wiki mbili unavuna nusu na kuitupa. Isipokua mwezi wa kwanza, mara nyingi ni kwa sababu mwani wa juu bado unashinda. Rudi Hatua ya 4.

Hatua ya 10: Dawa, kwa Bryopsis peke yake

Flukonazoli, dawa ya fangasi ya binadamu, huua Bryopsis. Kipimo kinachotumika ni takribani miligramu 5 kwa kila lita ya maji halisi. Tangi la lita 200 lenye mawe na mchanga hubaki na maji kama lita 160, kwa hiyo miligramu 800: vidonge vinne vya 200. Ng'oa kwanza mwani wote unaoweza. Ondoa kaboni na GFO, zima taa ya UV (ile inayoua vijidudu majini) kama unayo, hamishia Chaetomorpha kwenye chombo kingine. Koroga unga kwenye maji ya tangi, mwaga penye mkondo, na kikombe cha skima kiondoe ili dawa isitolewe. Weka pampu ya hewa. Mabadiliko huonekana baada ya wiki moja hivi. Subiri wiki mbili, kisha badilisha maji na urudishe kaboni. Unyonye mwani unaokufa kila siku.

Mambo yakienda mrama

*Mwani umerudi wiki ya tatu.* Ni kawaida, mawe bado yana akiba. Linganisha na picha ya wiki ya kwanza. Kama unarudi mfupi na mchache, uko njiani. Kama unarudi vilevile, kagua TDS ya maji yako na kiasi cha chakula.

*Utando mwekundu umetokea mwani ulipopungua.* Nafasi imeachwa wazi na bakteria wameiingia. Ongeza mkondo sehemu hiyo, unyonye utando kila siku mbili, pima kama naitreti imeshuka sana kuliko fosfeti. Siku tatu za giza kamili husaidia, tangi likiwa limefunikwa na pampu ya hewa inafanya kazi.

*Kamasi ya kahawia yenye viputo, konokono wanakufa.* Dainoflajelati. Acha kubadilisha maji, ondoa GFO, lisha samaki zaidi, pandisha naitreti hadi 10 na fosfeti hadi 0.1 na uzishikilie hapo. Wale wanaoelea usiku, kama Ostreopsis, huuawa na taa ya UV yenye mkondo wa polepole. Wanaokaa mchangani, kama Amphidinium, UV haiwafikii, na hao huchukua muda mrefu zaidi.

*Matumbawe yamepauka ingawa mwani umeisha.* Pima fosfeti na naitreti. Kama ziko sifuri, ondoa GFO, ongeza chakula kidogo, na punguza nguvu ya taa, kwa sababu maji safi yanapitisha mwanga mwingi kuliko ule matumbawe yaliouzoea.

*Samaki wanahema juu ya maji asubuhi.* Oksijeni imepungua. Mwani unaokufa unaitumia, usiku mwani ulio hai nao unaitumia, na joto la Dar au Muscat linapunguza uwezo wa maji kuishika. Elekeza pampu moja juu hadi uso wa maji utibuke, weka feni ipulize juu ya tangi, na maji yanayopotea yajazie kwa ya RO. Umeme ukikatika, pampu ya betri iwashwe ndani ya dakika chache, na umeme unaporudi usilishe samaki hadi wapumue kawaida.